Ardhi Nzuri ya Mdomo wa Korongo

Ukitoka Babati kwenda Singida, Mlima Hanang unakukaa ubavuni muda mrefu kabla hujafika Katesh. Una zaidi ya mita 3,400 kutoka usawa wa bahari na umesimama peke yake, hauna jirani wa kuupunguzia ukubwa, kwa hiyo abiria karibu wote huelekeza simu zao juu. Mimi nilishika fito ya wapima ardhi kwa miaka mingi, Manyara na Kilimanjaro, na kazi ile ilinizoesha vibaya: nikiona mlima naangalia chini. Naangalia pale mteremko unapokwisha na ardhi ikalala, pale penye mashamba ya mahindi, mabati mapya, kituo cha mafuta na soko. Mji wa Katesh umekaa hapo.

Alfajiri ya Jumapili, tarehe 3 Desemba 2023, tope lilishuka kutoka mlimani likavikumba vijiji vya chini yake, Gendabi na Jorodom vikiwemo, likaingia mpaka mjini Katesh. Mvua ilikuwa imenyesha usiku. Wengine walikuwa bado wamelala, wengine ndiyo kwanza wanaamka wajiandae kwa ibada. Hesabu ya waliokufa ilianza na makumi machache, ikawa inapanda kila taarifa mpya ilipotolewa, mpaka ikapita 80. Rais Samia Suluhu Hassan alikuwa Dubai kwenye mkutano wa tabianchi wa COP28, akakatisha safari akarudi. Sisi tuliokuwa mbali tulibaki na video: makatapila, askari wa jeshi wamezama magotini, mabati yaliyokunjwa, na magogo marefu yaliyochunika magome yote yakiwa yamelala katikati ya barabara ya mji.

Mabishano ya kwanza mtandaoni yalikuwa iwapo volkano imelipuka. Hanang ni volkano kweli, ila ni ya zamani sana, imezimika. Serikali ilitoa ufafanuzi kwamba hakukuwa na mlipuko wowote. Sehemu ya mlima yenye miamba dhaifu ililowa maji, ikamegeka, ikageuka tope. Maelezo hayo hayakuwaridhisha wengi. Volkano ina heshima yake. Tope linaonekana jambo dogo mno kuua watu wengi namna ile, mpaka ulione lilichofanya.

Tuanze na mvua yenyewe, maana hapo ndipo watu wanapokosea hesabu. Vuli ya 2023 haikuwa ya kawaida. El Nino ilikuwa imeshatangazwa na Mamlaka ya Hali ya Hewa miezi kabla, na Bahari ya Hindi upande wetu wa magharibi ilikuwa na joto kuliko kawaida, mambo mawili ambayo yakikutana Afrika Mashariki huwa inalowa. Somalia na Kenya zilikuwa tayari na mafuriko mwezi Novemba. Kwa hiyo mvua ya usiku wa kuamkia tarehe 3 haikuikuta ardhi kavu, iliikuta imeshiba.

Udongo wa mteremkoni unasimama kwa sababu chembe zake zinakandamizana na kushikana. Unyevu kidogo unazisaidia kushikana zaidi. Mvua ikiendelea wiki baada ya wiki, maji yanajaza kila nafasi iliyokuwa na hewa, yanashuka mpaka yanapokutana na mwamba au tabaka la mfinyanzi lisilopitisha, yanatuama hapo. Yakishajaa, yanaanza kubeba sehemu ya uzito wa udongo ulio juu yake. Chembe zinaacha kukandamizana kama mwanzo, na zisipokandamizana hazishikani. Mteremko uliokaa karne nyingi bila kutikisika unaweza kuachia kwa mvua ya mwisho ambayo yenyewe wala haikuwa kubwa sana. Ndiyo maana mtu anakwambia, "Lakini jana ilinyesha kidogo tu!" Ni kweli ilinyesha kidogo. Tatizo ni ya wiki tatu zilizotangulia, ambayo hakuna aliyekuwa anaijumlisha.

Majivu ya volkano yaliyooza na kuwa udongo yanaongeza tatizo. Yanazaa vizuri, na yananywa maji mengi sana kabla hayajaonyesha dalili kwa juu. Unaweza kutembea juu yake ukaona ni shamba la kawaida, kumbe chini mambo yameshaharibika.

Kikishamegeka, kipande hakiishii pale kilipoangukia. Kama kuna korongo chini yake, kinaingia humo, kinachanganyika na maji yanayotiririka, na safari inaanza. Aliyewahi kumwaga zege kwenye msingi ataelewa haraka: kokoto hazizami chini ya ndoo kwa sababu uji wenyewe ni mzito na unazibeba. Tope la mlimani ni hilo hilo, ila kokoto zake ni mawe ya ukubwa wa gari. Lita moja ya tope la aina hii inakaribia uzito wa lita mbili za maji. Mawe makubwa na magogo yanasukumwa mbele, yanakuwa ukuta unaotembea, na nyuma yake uji mwembamba zaidi unafuata ukisukuma. Njiani linakwangua sakafu na kuta za korongo, linaokota udongo zaidi, mawe zaidi, miti zaidi. Linaweza kuanza na kipande cha ukubwa wa uwanja wa mpira wa shule, likafika chini likiwa mara kadhaa ya hapo. Na kwa mwendo wake, kijana mwenye mbio nzuri hawezi kushindana nalo akikimbia kuelekea linakokwenda.

Likifika mdomoni mwa korongo, pale kuta zinapoisha na ardhi inapofunguka, linapoteza nguvu. Halina tena kitu cha kulibana, linatanuka kulia na kushoto, linakonda, linasimama. Mawe yanabaki karibu na mdomo, tope laini linakwenda mbele kidogo. Mwakani mvua inalilainisha, majani yanaota, baada ya miaka michache pamekuwa tambarare nzuri yenye mwinuko mdogo tu, nyembamba kwa juu na pana kwa chini. Miaka hamsini au mia tatu baadaye linashuka lingine, linachagua upande wa jirani ambao sasa uko chini kidogo. Tambarare inapanda, inapanuka.

Hapo ndipo tunapojenga miji.

Niliielewa habari hii shimoni. Tulikuwa chini ya milima ya Upare, wilaya ya Same, tunapima viwanja vya mtu aliyekuwa amegawa shamba la baba yake. Kiwanja cha pembeni kilikuwa kimeshauzwa, na mzee mmoja alikuwa anachimba shimo la choo. Mpima wangu alikuwa anagombana na mashine yake, mimi nikaenda kukaa kivulini ukingoni mwa shimo.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Kaa mbali na ukingo, usiniangushie hilo jabali."

Jabali lenyewe lilikuwa limetokeza nusu kwenye ukuta wa shimo, kubwa kuliko pipa. Nikamuuliza anafika vipi chini na mawe kama yale. Akanionyesha kwa ncha ya sururu, kuanzia juu. Udongo mweusi wa shamba, kina cha goti. Chini yake, kama urefu wa mtu, mfinyanzi mwekundu uliochanganyika na mawe ya kila ukubwa bila mpangilio wowote: la ngumi limekaa juu ya la kichwa, la kichwa limekaa juu ya changarawe, mengi yana kona kali, hayajalainishwa na mto. Kipande cha mti kilichogeuka cheusi kimelala katikati yake. Halafu, hapo nikainama nione vizuri, mstari mwingine wa udongo mweusi, mwembamba kama kiganja, wenye vijishimo vya mizizi. Na chini ya mstari huo, mfinyanzi na mawe tena.

"Hapa palikuwa shamba," akasema, akigonga ule mstari. "La nani, mimi sijui. Likafunikwa. Huku chini pia kuna lingine, nililiona kwenye shimo la kule kanisani, futi kumi na tatu."

Mto haupangi hivyo. Maji ya mto yanachagua: mchanga mahali pake, kokoto mahali pake, mawe makubwa yalipoishia nguvu ya maji. Ukichimba kwenye mashapo ya mto unakutana na tabaka zilizochambuliwa. Tope halichambui, linamwaga vyote kwa pamoja na kuondoka. Wanajiolojia wanasoma hivyo hivyo wanapotaka kujua eneo limewahi kupitiwa na nini, wanachimba mtaro na kutazama ukuta wake. Tofauti yao na yule mzee ni kwamba wao wanaandika ripoti, na yeye alikuwa na bei mbili. Kulikuwa na bei ya futi ya kawaida, na kulikuwa na bei ya mawe, na kabla hajaona kiwanja chako alikuuliza kiko mtaa gani ili ajue akutajie ipi. Kichwani mwake alikuwa na ramani ya mawe ya mji mzima.

Nilimuuliza mwenye shamba kama anajua. Akacheka. Alijua mawe yapo, na alijua mahindi ya pale hayahitaji mbolea. Dalali aliyekuwa anatembeza wateja alikuwa na maneno yake tayari: kiwanja tambarare, maji hayapo mbali, barabara hii hapa, na udongo wenyewe ukipanda jiwe linaota. Hakudanganya hata neno moja. Tope ndilo lililosawazisha, korongo ndilo linaloleta maji, na barabara ilipita pale kwa sababu mhandisi naye alitafuta penye unafuu. Sifa zote za kiwanja kile zilitoka mlimani kwa njia moja.

Tangu hapo kila habari ya maporomoko inaponifikia natafuta picha ya kutoka juu nione mahali penyewe pamekaaje. Nikitazama Kalehe, Kivu ya Kusini nchini Kongo, naona ufukwe wa Ziwa Kivu ambako milima inaingia majini karibu moja kwa moja. Penye tambarare ni pale mito midogo ilipotupa mashapo yake ziwani, na juu ya tambarare hizo ndipo vilipo vijiji vya Bushushu na Nyamukubi. Mahali pa namna hiyo ndipo mtumbwi unapata pa kutia nanga, gari linapata pa kugeuzia na mama anapata pa kutandika dagaa na mihogo. Tarehe 4 Mei 2023 ilikuwa Alhamisi, siku ya soko Nyamukubi. Watu wa vijiji vya juu na wa ng'ambo walikuwa wamejaa pale mvua iliposhusha mito na tope lake. Walioopolewa walipita 400, na waliotajwa kuwa hawajulikani walipo walikuwa maelfu. Siku hiyo hiyo ingekuwa Jumatatu, hesabu ingekuwa nyingine. Mvua kubwa ya Oktoba 2014 nayo ilikuwa imebomoa nyumba zaidi ya 700 katika eneo hilo la mashariki mwa Kongo, na watu wakajenga tena, kwa sababu soko halina pengine pa kwenda. Kulia na kushoto ni mlima.

Siku moja tu kabla ya Nyamukubi, mvua za mfululizo huo ziliua watu zaidi ya 130 Rwanda, magharibi na kaskazini mwa nchi. Ziwa moja, milima ya aina moja, mpaka uko katikati.

Kenya, ukingo wa Elgeyo unaposhukia Bonde la Kerio, Wamarakwet wana mifereji ya kumwagilia ya miaka mingi sana, inayochukua maji ya mito ya gengeni na kuyaleta mashambani chini. Kazi ya akili kubwa, na mashamba yenyewe yamelala pale mito hiyo inapotupa udongo wake. Usiku wa kuamkia tarehe 1 Novemba 2025 tope lilishuka eneo la Chesongoch, likaua watu zaidi ya 20. Mai Mahiu, tarehe 29 Aprili 2024, kisa kilikuwa na mkono wa mtu ndani yake: takataka, miti na udongo viliziba njia ya maji chini ya tuta la reli, maji yakajaa nyuma ya tuta kama bwawa, yakapasua. Lakini angalia yaliposhukia, chini ya genge la Bonde la Ufa, kwenye mwanya wa korongo, juu ya nyumba za watu waliolala.

Mbeya tuliponea. Jumapili ya tarehe 14 Aprili 2024 kipande cha Mlima Kawetere kiliporomoka, kikafukia nyumba kadhaa za kata ya Itezi na kuharibu majengo ya shule. Hakufa mtu. Ingekuwa siku ya masomo, sitaki hata kuimalizia sentensi hii.

Baada ya kila moja ya siku hizi hufuata hotuba, na kila hotuba ina sentensi ya kupanda miti. Sina ugomvi na miti. Kwa kweli ushahidi mzuri kuliko wote ninaoujua ni wa kwetu wenyewe, wa Mgeta, upande wa magharibi wa milima ya Uluguru. Tarehe 23 Februari 1970 ilinyesha pale mvua ya milimita 100 hivi kwa muda usiofika saa tatu. Miteremko ikapasuka kila mahali, maporomoko zaidi ya 1,000, mengi yakiwa madogo na ya kina kifupi. Watafiti Paul Temple na Anders Rapp waliyahesabu na kuyachora, na walichokikuta ni kwamba karibu yote yalianzia kwenye mashamba na kwenye majani ya malisho. Yaliyoanzia msituni yalikuwa machache mno, hayakufika hata moja katika kila mia. Mizizi ya miti mikubwa ilikuwa imeshikilia udongo ambao mahindi na majani hayakuweza kuushika. Kwa hiyo anayesema msitu unasaidia, anasema kweli.

Ila msitu unasaidia kule juu, na unasaidia kwa maporomoko ya kina kifupi, ya udongo ambao mzizi unaufikia. Mlima ukimegeka chini ya mizizi, unaondoka na mti wake. Na tope likishaingia korongoni, mti unakuwa silaha. Yale magogo ya Katesh yalikuwa miti hai siku moja kabla. Sasa unapomwambia mtu wa mdomoni mwa korongo apande miti uani kwake, unampa kazi ya kumfariji, basi. Msitu anaouhitaji uko juu kwake mbali, kwenye hifadhi ambayo haimhusu, au kwenye shamba la mtu ambaye naye anatafuta chakula cha watoto.

Wazee wa Uluguru nao wangecheka kusikia wataalamu wanarudi na maagizo ya mteremkoni. Mwaka 1955 wakoloni waliwalazimisha kuchimba matuta ya ngazi mlima mzima, wananchi wakagoma mpaka zikatokea vurugu, na mpango ukafa. Sehemu nyingi matuta yale yalikuwa yanafukua udongo mbovu wa chini na kuuweka juu. Waluguru walijua mashamba yao.

Nilichotaka kusikia kwenye hotuba, na sikisikii, ni habari ya kipimo cha mvua. Kile chombo ni rahisi mno: kopo lenye mdomo wa upana unaojulikana na kijiti cha kusomea. Utabiri wa mamlaka unakuja kwa mikoa, "mvua kubwa zinatarajiwa Manyara, Arusha na Kilimanjaro", na kwa mkoa wenye eneo kubwa kama Manyara mtu wa Katesh anajifunza kuupuuza kwa sababu mara nyingi inanyesha Simanjiro. Mlima nao una mvua yake. Inaweza kuwa inamwagika kileleni huku chini kuna manyunyu, au hata jua. Kopo moja juu, moja katikati, mtu wa kusoma kila asubuhi na kujumlisha ya wiki mbili zilizopita, na simu. Watu wa Japani wamekwenda mbali zaidi: wanakadiria maji yaliyomo ndani ya udongo wenyewe, na tahadhari inatoka kwa kujumlisha yaliyoingia na yanayotarajiwa. Lakini msingi wake ni kujumlisha, na kujumlisha tunakuweza.

Dalili nyingine hazihitaji hata kopo. Ufa mteremkoni uliojipinda kama upinde, juu ya shamba, ambao jana haukuwepo au umepanuka. Mlango wa nyumba uliokuwa unafunga vizuri sasa unakwama. Chemchemi inayotoka mahali isipojulikana, au ya siku zote inayokauka katikati ya masika, au inayotoa maji ya rangi ya chai ya maziwa. Miti na nguzo zinazoinama upande mmoja. Mlio wa kunguruma usioisha, na mawe kugongana, kutoka juu korongoni.

Na kuna moja ambayo ningeiandika ukutani mwa kila shule iliyoko chini ya mlima. Mvua inanyesha, mto ulikuwa umejaa, mara maji yanapungua. Binadamu anachofanya ni kushukuru Mungu na kutoka nje kwenda kutazama. Maji hayapungui bure mvua ikiwa inaendelea. Kuna kitu kimeanguka juu kikaziba, na maji yanajikusanya nyuma yake. Hapo muda uliobaki huenda ni wa kubeba watoto tu. Na unakimbia kupanda ubavuni, kwa kukata njia ya korongo, usishuke nalo. Kama giza na mvua vimekufungia ndani na nyumba ina ghorofa, panda juu, ukae chumba kilicho mbali na upande wa mlima, maana ukuta wa upande wa mlima ndio unaopasuka kwanza.

Kuhama ndiko kunakosemwa kwa urahisi zaidi. Bududa, kwenye mabega ya Mlima Elgon upande wa Uganda, iliporomoka tarehe 1 Machi 2010 ikafukia kijiji cha Nametsi, watu zaidi ya 100 wakafa. Serikali ikawahamishia manusura Kiryandongo, mbali kabisa, magharibi mwa nchi. Baadhi walirudi. Elgon ina kahawa, ina ndizi, ina maji, ina makaburi ya wazazi, na kule walikopelekwa lugha ya jirani ni nyingine na mazao ni mengine. Bududa ikaporomoka tena 2012, tena 2018, na baadaye serikali ikaanza kuwajengea watu nyumba Bunambutye, wilaya ya Bulambuli, ambako angalau ukitoka nje bado unauona mlima wako. Huko nadhani walijifunza kitu. Hanang nako manusura wamejengewa nyumba, kitongoji cha Waret, ndani ya wilaya yao. Nafurahi hawakupelekwa mbali.

Ila walio mdomoni mwa makorongo nchi hii, kuanzia Usambara na Upare mpaka Uluguru, Hanang na Mbeya, ni wengi kuliko nyumba zozote zitakazojengwa, na sidhani kama wote wanapaswa kuondoka. Tambarare ile ina sehemu zake. Mdomo wenyewe na mkanda ulio mbele yake moja kwa moja ndipo mawe makubwa yanapoishia. Huko asilale mtu. Pafanywe uwanja wa mpira, malisho, shamba la alizeti, mnada wa ng'ombe. Mnada unakuwa na watu mchana, na mvua ya wiki tatu ikinyesha unaahirishwa bila mtu kufa njaa. Mabweni, zahanati na vituo vya polisi vikae pembeni kwenye kigongo kilichoinuka, hata kama kiwanja cha serikali cha bure kiko mdomoni. Na mara nyingi kiko huko, kwa sababu wenyeji waliotoa ardhi kwa ajili ya shule walitoa ile yenye mawe.

Sheria haiko mbali na jambo hili, ila inatazama pembeni kidogo. Sheria ya Ardhi ya 1999 inayo ardhi hatarishi, na inataja miteremko mikali na mita 60 kutoka kingo za mto. Mita 60 kila mtu anazijua siku hizi, hata dalali. Mdomo wa korongo si mteremko mkali, ni tambarare kabisa, na korongo lenyewe linakaa kavu miezi tisa au kumi ya mwaka, watoto wanachezea ndani yake, hakuna anayeliita mto. Mpima anaweka bikoni zake kihalali. Mimi nimezishindilia nyingi kwa mikono yangu.

Mwaka jana nilialikwa kwenye mkutano wa mtaa mmoja wa chini ya mlima, niwaeleze haya. Nilichora ubaoni, nikaonyesha mkanda ambao ningeuacha wazi. Watu walisikiliza vizuri, wakauliza habari za nyufa, mama mmoja akaeleza chemchemi ya kwake inavyobadilika rangi. Kisha akasimama kijana mwenye nyumba ndani ya ule mkanda nilioupaka chaki, msingi wa mawe, bati la msauzi, mkopo wa benki haujaisha. Akauliza: ukishasema hapa ni hatari na maneno yakasambaa, kiwanja changu kitakuwa bei gani kesho, na nani ananilipa hiyo tofauti?

Mwenyekiti akasema swali limepokelewa, tukaingia kwenye ajenda ya madawati.